Transfa ya Baba

Juzi nilinusa oili ya gia kwa vijana wanaotengeneza lori pale Lisekese, nikamkumbuka kuku wangu, mkali kuliko bibi.

Nilipokuwa mdogo kule Chiungutwa, baba na fundi walikuwa uani chini ya lori letu. Fundi akapaza sauti: “Baba Asha, transfa itoke leo leo!”

Asha ndiye mimi. Leo najua transfa ya lori ni chuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma. Wakati ule niliijua transfa ya walimu tu, ule uhamisho uliompeleka shoga yangu, mtoto wa mwalimu, Newala, asirudi.

Kukaa kukanishinda. Nikamfunga kuku miguu, nikazunguka naye.

“Kuku wa nini?” akauliza mama.

“Si tunahama?”

Chuma kikadondoka, puu! Baba akacheka: “Transfa imeshatoka, mwanangu, tulia.”

Nikamfungua kuku: transfa imetoka, basi hatuhami. Jioni walipoirudisha transfa garini, nikamfunga tena.