Ngoma ya pepo iliyovunjwa kwa sababu mdogo wangu alilala

Wakuu, hamjambo. Shikamoo zenu nimezipokea mapema, maana humu ndani nadhani mie ndiye bibi yenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Juzi nimesomewa uzi wa mzazi ambaye mwanawe ana usonji. Mtoto halali, na moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa tu. Nikamkumbuka mdogo wangu Haji.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mkokotoni. Neno usonji hatulijui. Haji hasemi, hamtazami mtu usoni, na usingizi kwake ni bahati. Ukimgusa kifua, utasema katoka kukimbizwa na mbwa.

Bibi yetu mzaa baba, mavyaa wake mama, akasema ni pepo. Simlaumu, alimpenda Haji kuliko sisi wote. Akaita mganga na wapiga ngoma waje kumpunga, siku ikapangwa.

Tatizo ni kwamba Haji na ngoma hawapatani kabisa. Harusi ya jirani tu ilimlaza kitandani, hali wala hanywi. Mama aliogopa kuwa safari hii tutamzika. Lakini mavyaa utampinga vipi mbele za watu, zama zile?

Sasa, mama alikuwa mpiga makumbi. Kwa msiojua, makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi, kisha hufukuliwa na kupondwa kwa gongo, zibaki nyuzi za kusokotea kamba. Yananuka hayo, msiombe!

Alishaona kwamba akipiga polepole, Haji hujisogeza mwenyewe na kulaza kichwa pajani pake. Basi akawa anapiga kwa mkono mmoja, mwingine uko kifuani kwa mtoto. Moyo ukipunguza mbio, naye anapunguza.

Siku yenyewe ikafika, mbuzi keshachinjwa, wali uko jikoni. Wapigaji wanapasha ngoma zao motoni, Haji keshaanza kujigonga kichwa ukutani. Mama akachukua gongo na makumbi yake yenye tope, akamvuta Haji, akakaa katikati ya wageni na nguo zao nzuri. Akaanza kupiga.

Watu wakaguna. Shangazi zangu wakaziba pua. Mama hakumjali mtu.

Baadaye kidogo akamwambia bibi, "Mama, nakuomba uweke mkono wako hapa, kifuani kwa mjukuu wako."

Bibi akainama, akauweka. Akakaa nao hapo muda, mpaka machozi yakamtoka. Haji kalala, mchana kweupe.

Akawageukia wapigaji, akasema kwa sauti ya chini, "Wali ushaiva. Kuleni, mwende zenu."

Mpaka leo nikilikumbuka hilo natembea kifua mbele. Yule ni mama yangu!

Wazazi wenzangu, hospitali nendeni, madaktari wapo. Ila mkono wako kifuani kwa mwanao usiuondoe, utakwambia mengi.

Mama alipozeeka, maradhi yalimnyima usingizi. Haji, ambaye hajapata kusema neno maishani mwake, akaenda mwenyewe kulitafuta lile gongo. Akakaa kando ya kitanda, mkono mmoja kifuani kwa mama, akapiga polepole mpaka mama akalala.

Haya, wa kwako analala kwa kitu gani? Niandikieni hapo chini, wajukuu zangu watanisomea.