Mpaka Wangu na Mama Khalif

Mimi ni Ciarunji, mke wa Njeru, wa hapa Kathiriti, ukitoka Embu mjini kuelekea Manyatta. Siku hizi ukiuliza Kathiriti utaonyeshwa fleti za bluu na mahali wanachomea mageti. Nilipoletwa hapa nikiwa msichana wa kuolewa, hayo yote hayakuwako. Kulikuwa na boma la baba mkwe, maboma mengine machache, na kahawa mpaka chini mtoni. Ukiona moshi ulijua ni wa nani, na karibu ujue anapika nini.

Halafu watu wakachoka na kahawa. Wakaing'oa, wakapanda nyumba. Walikuja walimu kwanza, wakaja manesi, wakaja wanafunzi wa chuo ambao hulala mchana na kuamka wakiwa na njaa. Wakaja watu wa Meru, Wakamba, Wakisii, na juzi juzi Wasomali wenye maduka. Sasa nikienda kukata nyasi ya ng'ombe napishana na watu nisiowajua, wananiuliza kwa Kiswahili, "Cucu," yaani bibi, "umepotea?" Nipotee wapi? Hapa nimezalia watoto.

Mimi sikuuza. Madalali wamekuja mpaka wamechoka. Mmoja aliniambia, "Cucu, tafuta kiti tukae tuongee." Nikamwambia, "Ongea ukiwa umesimama, ndio uchoke haraka."

Baba mkwe alipozeeka aligawa shamba kwa wanawe wawili, Njeru wangu na mdogo wake Ngari. Hakuitwa mpimaji. Kwetu ndugu wanashika mche mmoja wa itoka, mikono juu ya mikono, wanaupanda pamoja, wanasogea mbele wanapanda mwingine, hivyo hivyo mpaka shamba liishe. Itoka ni lile ua jeupe lenye majani marefu mapana, na chini lina kitu kama kitunguu kikubwa kinachojificha ndani sana. Ng'ombe hali. Na mtu haigusi. Mtoto akiichezea itoka ya mpaka alikuwa anachapwa kwanza, anaulizwa baadaye. Njeru alipokufa tulimzika kando ya itoka, upande wetu, kwa sababu hapo ndipo alikuwa anapenda kusimama jioni akiangalia mlima.

Ngari naye akafa. Mtoto wake Ndwiga, ambaye anaishi Nairobi na hajawahi kushika jembe, akauza. Mpaka alimwonyesha mnunuzi kwa kidole, akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo barabarani na hakunisalimia.

Aliyenunua ni Dhahabo, Mama Khalif, mama wa vitambaa pale sokoni. Mume wake Hared ana lori linalobeba mizigo kutoka Meru. Walijenga haraka, nyumba nzuri yenye veranda. Sikuwa na ubaya na yeye. Alikuwa ananiletea sambusa nikimpelekea maziwa.

Basi nikaenda Manyatta kumwona dada yangu mgonjwa. Niliporudi, mpaka haukuwako. Kuanzia barabarani hadi chini, udongo mtupu uliopigwa jembe. Nikatazama kwa Mama Khalif. Itoka zangu zimesimama kwa veranda, ndani ya matairi yaliyopakwa rangi nyekundu na ya manjano.

Nilimwita nikiwa huko nje.

"Mama Khalif! Nani amekutuma?"

Akatoka akitabasamu. "Cucu, umerudi! Umeona maua? Yalikuwa huko kwenye majani yanateseka bure."

"Hayo si maua."

"Si maua? Na hii nyeupe ni nini, kabichi?"

"Huo ni mpaka! Umeng'oa mpaka ukaweka kwa tairi!"

Alicheka kidogo, halafu akaniona uso, akaacha kucheka. Akasema kwao mpaka ni ukuta au ni neno la wazee, hajawahi kusikia mpaka wa kumwagilia maji. Nilimwelewa, lakini sikumwambia. Nilikuwa na hasira nyingi sana ya kutumia kwanza.

Shida yenyewe ilikuja na mafundi wa ukuta. Walianza kuchimba msingi wakifuata kile kidole cha Ndwiga, na mstari wao ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye kaburi la Njeru. Nilikaa juu ya kaburi. Fundi akasema, "Cucu, toka tufanye kazi." Nikamwambia achimbe tu, azunguke mguu wangu akiweza.

Chifu akaja, na mpimaji mmoja kijana anaitwa Lennox. Lennox alipima na mashine yake, akakuna kichwa. Alisema kwenye ramani shamba bado ni moja, la baba mkwe. Ramani haijui ndugu waligawana wapi. Akauliza alama iko wapi. Sote tukatazama yale matairi.

"Mimi nitayarudisha hata leo," Mama Khalif akasema. "Nionyesheni tu mahali."

Nikaonyesha. Fundi akaonyesha pengine. Mwanangu Nyaga, ambaye anafanya kazi ofisini mjini na anaogopa kelele, akaonyesha katikati.

Chifu akasema kazi ya ukuta isimame mpaka mvua zianze. Lennox atarudi wakati huo. Kukikosekana alama yoyote, watafuata vile Ndwiga aliuza, na kaburi lihamishwe kwa heshima. Kwa heshima! Mtu anafukuliwa kwa heshima? Nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba itoka yenyewe itaota ionyeshe mahali, na itoka haidanganyi.

Tangu hapo sikukaa chini. Chakula nilikuwa nakula nikitembea. Nilijua mafundi wa Mama Khalif ni watu wa kuvuta juu juu tu, na ile itoka ya zamani huwa inakatika shingo, kitunguu kinabaki chini. Lakini kiangazi kilikuwa kikali, na kitu hakiwezi kuota kwenye vumbi. Nikaanza kumwagilia. Maji ya mfereji yakikosa nilibeba ya kuosha vyombo, ya kuoga, ya kuoshea mboga. Nilimwagilia udongo mtupu kutoka juu hadi chini, kila asubuhi na kila jioni, na mgongo ukilia.

Mtaa mzima ulikuwa unanicheka. Vijana wa bodaboda wakipita: "Cucu, hapo utavuna nini, mawe?"

"Nitavuna wewe, na sitakupalilia!"

Wanafunzi wa fleti walisimama kwenye balkoni wakinipiga picha. Nyaga akaja amenuna. "Mama, watu wanasema umechanganyikiwa. Tutaaibika."

"Waambie nimekuwa hivi tangu nikuzae."

Mama Khalif ndiye hakucheka. Alinitazama siku nyingi kutoka veranda. Jioni moja akatoka na jerikeni, akasimama kando yangu, akamwaga pale nilipoacha. Nikamwambia, "Sikukuita." Akasema, "Najua. Na mimi sikukuuliza." Tukaendelea.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima na kuondoka. Nilikuwa natazama juu, natazama chini. Nikaanza kuogopa kwamba mafundi walivuta vizuri kuliko nilivyowadhania. Halafu ikanyesha manyunyu tu, ya kulowesha nguo kwenye kamba. Asubuhi yake nikaona ncha ya kijani, kama kidole cha mtoto, kando ya kaburi. Upande wa pili, wa kwa Mama Khalif! Njeru alikuwa kwetu. Nikapiga kigelegele peke yangu. Nikafuata mstari nikiinama: nyingine, na nyingine, zinakwenda chini vizuri, mpaka zikafika kwenye zizi la ng'ombe, lile Nyaga alijenga babake akiwa ameshakufa. Hapo zikaisha.

Nikaingia zizini. Huko ndani, kwenye mbolea, nyuma ya miguu ya ng'ombe wangu, kulikuwa na itoka nyingine mbili. Nene, zenye afya kuliko zote. Mpaka ulikuwa unapinda hapo. Nusu ya zizi ilikuwa kwa Mama Khalif.

Sasa mimi nilisimama hapo. Hakuna mtu aliyeona. Koleo ya mbolea ilikuwa mkononi. Huko nje nilisikia pikipiki ya Lennox inazima, na sauti ya chifu. Ningezikata tu, niseme mpaka unanyooka. Lakini ni mimi niliyewaambia wote itoka haidanganyi. Nilisema mbele ya mtaa, kwa sauti. Na kaburi je? Nikikata hizi mbili, zile za kaburini zitakuwa na nguvu gani?

Nikatoka nikaita, "Mama Khalif! Njoo uone mali yako kwa zizi langu!"

Walikuja wote. Lennox akaweka vigingi vyake kufuata itoka. Nyaga alitazama chini. Mama Khalif akasema, "Cucu, acha ng'ombe akae tu. Mimi nitafanya nini na nusu ya zizi?"

"Utafanya utakalo. Mimi sifugi kwa mtu."

"Wewe mzee una kichwa!"

"Ndicho kilichokuokolea ukuta usijengwe juu ya mfu."

Chifu akakumbusha kwamba anayeng'oa mpaka hutoa mbuzi wa wazee. Mama Khalif akasema mbuzi ataleta, ila Hared ndiye atachinja, la sivyo wao watakaa wakitutazama tukila. Hakuna aliyekataa nyama.

Tulitoa itoka kwenye matairi, tukajaza mapengo. Nilimfundisha kushika. Mkono wake wenye hina juu, wangu chini, tukashindilia, tukasogea. Aliniuliza kama sasa tumekuwa ndugu. Nikamwambia apande kwanza.

Nyaga alibomoa zizi na kulijenga nyuma ya jikoni. Ukuta wa Mama Khalif umeanzia barabarani, na mafundi wengine kabisa. Naenda kuwasimamia kila asubuhi, kabla ya chai. Nikimfungulia ng'ombe bado anapita kati ya itoka bila kuzigusa, anakwenda kusimama pale pa zizi la zamani, na Mama Khalif ananiita kutoka veranda nikamchukue mgeni wangu.