Koti la Baba Kwenye Mpunga

Naomba mnicheke taratibu, maana aibu hii bado haijakauka, na mpaka leo nikipita njia ya Ngonga, ya kwenda shambani kwetu, naangalia chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Baba alifariki wakati wa mvua za mwaka jana. Koti lake jeusi mama aliliacha kwenye msumari nyuma ya mlango, halivaliwi wala halifuliwi. Msimu huu mpunga ulipotoa masuke, kazi ya kulinda ndege ikaniangukia mimi, kuingia shambani jua halijachomoza, kupiga debe, kurusha matope kwa fimbo na kupiga kelele mpaka giza liingie (mimi ambaye kanisani nikiambiwa nisome neno natetemeka, lakini kwa ndege sauti ninayo). Nikirudi nyumbani nasinzia huku nakula.

Jumapili moja akaja mgeni kufundisha vijana. Akasema anayefanya kazi kutwa bila kupumzika, nusu ya kazi anaifanya amelala. Afadhali saa chache za kazi yenye akili, zinazobaki ziwe za mwili, za watu na za Mungu. Maneno yale yakanikaa. Na kweli, jua likiwa kali ndege wenyewe wanapumzika, basi mimi ni nani? Nikaamua mchana niwe natoka, nilale kidogo, niende kwaya, na shambani niache sanamu. Nikafunga miti miwili kama msalaba, nikajazia majani makavu ya mgomba, na kwa kuwa ndege wa kwetu ni wajanja, gunia hawaliogopi, nikachukua koti la baba na kofia yake. Mama sikumwambia. Yeye kutwa alikuwa Kasumulu anauza ndizi, nikawa nalirudisha koti kwenye msumari kabla hajafika.

Na ilifaa, siwadanganyi. Asubuhi nilipiga debe kwa nguvu kuliko zamani, mchana nikalala, alasiri nikaimba, hata mama akasema, "Lusajo, siku hizi una uso wa mtu."

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Siku moja, mimi nimeshatoka na koti alfajiri, mama akaacha kwenda Kasumulu, akapika, akaamua aniletee chakula shambani bila kuniambia. Sisi tuko kwenye mazoezi ya kwaya, jirani yetu Mama Atupele akaingia anahema.

"Lusajo, kimbia! Mama yako ameanguka shambani! Baba yako amesimama kwenye mpunga!"

Nilijua palepale. Ningesema neno moja tu, sanamu, yangeisha. Lakini kwaya nzima ilikuwa imenigeukia, nikakimbia nao, na njiani watu wakazidi kuongezeka, mwenye bodaboda akamwacha abiria wake, mchungaji akatufuata na Biblia, na mimi katikati yao bado natafuta pa kulisemea lile neno.

Tukamkuta mama amekaa kwenye tuta, matope mpaka kifuani, wali wote umemwagika. Alikuwa anaita polepole jina la baba, "Ambakisye. Ambakisye, njoo basi." Upepo wa ziwani ukawa unainua mikono ya koti.

Mchungaji akanyoosha mkono. "Kama umetumwa na Bwana, sema!"

Watu wakapiga magoti kwenye maji. Na mimi nikapiga (ndiyo, mbele ya sanamu yangu mwenyewe).

Ndipo ndege mmoja akatua kwenye kofia. Akaja wa pili, halafu kundi zima, wengine mabegani, wengine kwenye masuke chini ya mikono ya koti, wanakula bila wasiwasi. Mzee mmoja akasema, "Marehemu huyu mpole, mpunga wake anaugawa." Kicheko kikaanza kwa mmoja mmoja, mwisho mwenye bodaboda akawa ameshika mbavu.

"Nani amefanya hivi?" mchungaji akauliza.

"Mimi."

"Nani?"

Sauti ya kanisani haikumfikia, ikabidi nitumie ile ya shambani. "MIMI!"

Ndege wote wakaruka.

Mama peke yake hakucheka. Akaingia kwenye mpunga, akalivuta koti, mkono wa koti ukanasa kwenye mti, wakaanguka wote, yeye na koti na sanamu. Nilipomwinua hakunipiga. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia umechoka?"

Siku hizi mchana nalala kwa ruhusa. Mama hurudi mapema kutoka Kasumulu, ananipokea debe. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, ni kuomba tu. Nimeapa sitaiba tena mapumziko, na ninachotaka nitakisema hata kama natetemeka.

Lakini koti lilijaa matope, ilibidi lifuliwe. Zamani jioni mama alikuwa akienda kufunga mlango anakawia kule nyuma penye koti, nami nilidhani komeo ni gumu. Sasa koti linanuka sabuni tu, na mama mlango anaufunga mara moja.