Hakuuliza Ng'ombe

Mama mmoja wa kijiji cha Didia alilazwa kwetu, chumba cha wagonjwa mahututi pale Shinyanga, kwa nimonia kali. Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wake. Kila asubuhi nilimwamkia, naye alinijibu kwa pumzi moja: "Marahaba mwanangu, wa nyumbani hawajambo, watoto je, ng'ombe je?" Ng'ombe! Mimi nimepanga chumba kimoja mjini, hata kuku sina. Nilimkatiza, "Hawajambo mama, lete kidole," nikambana kwa kimashine cha kupimia oksijeni.

Siku ya tatu nikasema shikamoo.

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Mwanangu." Akavuta tena. Watoto hakuwafikia.

"Unajisikiaje, mama?"

"Mhola duhu." Yaani salama tu. Sisi Wasukuma hata roho ikiwa mlangoni tunasema salama tu, nami nilijua hilo. Lakini kimashine kilisoma tisini na tatu, basi nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Nikaenda kunywa chai.

Chai haikushuka. Hakuuliza ng'ombe! Nikarudi mbio, nikahesabu pumzi zake dakika nzima: arobaini na mbili, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Kimashine bado tisini na tatu. Mwongo mkubwa, kwenye ngozi nyeusi huzidisha namba! Nikamwita daktari.

"Sista, mbona namba si mbaya?"

"Achana na namba, daktari! Huyu mama anatutoka."

Mashine ya kupima oksijeni kwenye damu yenyewe ilikuwa imeishiwa dawa wiki hiyo. Daktari akavuta ultrasaundi, akampitishia kifuani na mbavuni. Kila alipogusa, kulia na kushoto, mistari myeupe ilishuka hadi chini ya kioo. Maji, mahali pa hewa. "Mapafu yote mawili yanafeli," akasema taratibu.

Tulimfunga barakoa ya mashine inayosukuma hewa. Niliogopa, jamani. Niliogopa kufiwa na mtu niliyekuwa namkatiza salamu.

Siku mbili hakusema neno. Ya tatu, mchana, daktari akaruhusu nimlegezee barakoa kidogo alowanishe midomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda.

"Ng'ombe je?"

"Hawajambo, mama," nikasema, machozi yananitiririka. "Wote hawajambo."