Balungi la Marehemu

Juzi, kwenye duka la dawa hapa Mtopanga, mbele yangu alisimama bibi mmoja mwenye buibui, ameshika kaunta kwa mikono miwili. Alisema tangu aanze vidonge vipya vya presha, aona kizunguzungu, sakafu yaelea.

"Unavimeza na nini, mama?" aliuliza mfamasia, mwanamke wa bara.

"Na maji ya balungi, mwanangu. Uani nna mti alioupanda marehemu mume wangu."

Mfamasia akaweka kalamu chini. Akaeleza taratibu kwamba matumboni mwetu mna kitu kinachoipunguza dawa hii kabla haijaingia damuni, na balungi hukifunga mikono kitu hicho. Kidonge kimoja kikawa kama vitatu.

Bibi akavinusa vitanga vya mikono yake.

"Kumbe ni yeye marehemu," akasema, akitabasamu. "Wallahi, hata katika uhai wake hakupenda mtu anipunguzie kitu."

"Vidonge meza na maji matupu, mama. Balungi uliache kabisa."

"Kulila n'taacha. Kulinusa je?"

"Kunusa, ruhusa."

Nami nilizoea kusema "ni tunda tu". Tangu siku hiyo nikipita uani, mlimau wangu naupa shikamoo.