Mwaka Nilipochambua Maharage ya Dada

Mimi maharage nayajua kwa meno. Nilianza kama mbeba magunia bandarini, hapa Bujumbura, shule nikiwa nimeiachia darasa la nne, na leo nina depo yangu ya maharage, kamyo mbili za kubebea mizigo, na nyumba ya ghorofa ambayo hakuna mtu aliyenisaidia hata tofali. Nikiuma punje moja nakwambia kama imekauka au bado, kama imetoka mlimani au huku chini kwenye joto, na imelala ghalani muda gani. Watu waliosoma mpaka Ulaya wanakuja kuniuliza. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengine niliyafanya mwenyewe.

Dada yangu mkubwa analima Ruziba, kando ya ziwa, kwenye shamba aliloachiwa na mama. Mume wake alishafariki, na shamba hilo ndilo linalomlisha. Alikuwa anapanda maharage kama mama alivyopanda, yaani mchanganyiko. Kwenye kikapu kimoja cha mbegu ungeona nyeusi, nyekundu, zenye mistari ya zambarau, za kijivu, za njano, nyeupe chache. Anazitia shimoni jinsi mkono ulivyozichota, na akivuna anatoa mbegu humo humo. Miaka na miaka.

Mchanganyiko ule ulikuwa unaniudhi. Wapishi wa Kiriri, mtaa wa matajiri, wanaonunua kwangu hawautaki, kwa sababu nyeusi inakuwa bado ngumu wakati nyekundu imeshapondeka. Mjini watu wanapenda njano, inaiva upesi na mchuzi wake ni mzito. Nikamwambia dada tuchambue, tupande njano tupu. Akasema mama hakufanya hivyo. Nikamjibu kwamba mama hakuwa na depo.

Tulikaa uani kwake siku mbili na nyungo. Nachambua kwa mikono miwili, naringa kwamba hakuna mwanamke sokoni anayenishinda. Njano tukaziweka kwa mbegu. Nyingine zote nikazipakia, nikaziuza kwenye jiko la shule moja ya bweni. Dada aliitazama kamyo mpaka ikakata kona, halafu akaingia ndani.

Msimu wa kwanza nilijiona bingwa. Shamba lote urefu mmoja, kijani kimoja, watu wanasimama barabarani kuangalia. Nina jirani mjini ambaye ni agronomi, mtaalamu wa kilimo, kijana msomi, mnunuzi wangu wa siku nyingi. Nikampeleka akaone kazi ya mtu asiyekuwa na diploma. Alitembea kwenye mistari, kisha akauliza mbegu nyingine ziko wapi. Nikamwambia zimeshaliwa. Akauliza kama ni zote. Nikamwambia zote.

"Basi, mzee, uombe mvua isikatike katikati," akasema.

Nilimcheka njia nzima, na yeye hakucheka hata kidogo.

Msimu wa pili mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika, na maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Zamani, jua likikaza, shamba la mama lilikuwa linafanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Niliyaona tangu mtoto bila kuyatia maanani. Nyeusi zilikuwa zinageuza majani ubavu, ukingo ndio unaelekea jua, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Kisha zinasimama, hazikui, zinangoja. Zenye mistari zilikuwa zimeshawahi, maganda yako tayari kabla ukame haujafika. Nyekundu zilimwaga maua, mvua ikirudi zinatoa mengine. Na mvua ikizidi, zile za kijivu zilikuwa zinaotesha mizizi mipya karibu na uso wa udongo, ya chini ikioza. Kila mwaka baadhi zilikufa. Kila mwaka mama alivuna.

Njano zangu zilifanya jambo moja. Zote zilichanua wiki moja, na wiki hiyo hiyo zote zikamwaga. Niliingia shambani asubuhi nikakuta maua chini, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mtu amepita akiyapukuta kwa mkono. Hakukuwa na nyuki hata mmoja. Majani yalikuwa yamelegea, mmoja kama mwingine, na upepo wa ziwani ukiyagusa yanatoa sauti ya karatasi. 

Halafu mvua ikaja yote kwa pamoja, siku nane. Ukivuta shina linatoka bila mzizi, na harufu yake ni ya maji ya mtaroni.

Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa shamba, jembe mapajani. Hakunitazama.

"Mama alituachia muchanganyiko," akasema. "We umeniachia rangi moja."

"Mbegu nitakutafutia, dada. Mi nauza maharage, nitakosa maharage?"

"Maharage utapata. Yangu, apana."

Nilikwenda kwanza kwenye ile shule. Mpishi aliniambia yalishakwisha zamani, akaniuliza kama nina mengine, maana watoto waliyapenda yale meusi. Nikapanda milimani na kamyo, nikanunua mchanganyiko kwa akina mama wa kule, rangi zote kama za mama. Nikaziuma, nikasema ni zile zile. Hapo meno yangu yalinidanganya.

Tulipozipanda Ruziba, zilipaa. Majani mapana, mazito, mpaka majirani wanakuja kuchuma mboga. Lakini ukiingiza mkono ndani kutafuta ganda, unapata moja, nalo ni tupu. Nikamwita agronomi tena, safari hii bila maringo. Akasema mbegu zile zimezaliwa kwenye baridi, joto la usiku wa ziwani linazichanganya, zinakimbilia majani. Kila punje inazaliwa na uwezo wake ndani, haijifunzi kwa siku moja. Za mama zilichaguliwa na jua la pale pale na maji ya pale pale, msimu kwa msimu, na mama akachagua nyuma yao. Duniani hazikuwa mahali pengine.

Ndipo dada akaleta kikombe cha chai kimejaa punje. Nilipokuwa milimani, alikuwa amepita shamba lote la njano lililooza, akikagua shina kwa shina, akachuma kwenye machache yaliyobaki na maganda. Nyingi zilikuwa njano. Chache zilikuwa na madoa ya kijivu. Agronomi alizigeuza kiganjani muda mrefu, akasema huenda zamani nyuki alipeleka chavua kutoka ua la mbegu ya kijivu kwenda la njano, na hicho ndicho kilichobaki.

Dada akamuuliza itachukua misimu mingapi mpaka ziwe shamba kama la mama.

 Yule kijana akasema shamba la mama lilitengenezwa na mvua zilizokuwa na tarehe zake. Siku hizi mvua inakuja inapotaka, na ziwa limeshameza bustani za chini, miti ya watu imesimama majini imekauka. Hajui kama mbegu zitapata muda wa kuifuata mvua hiyo.

Mimi nina jibu la kila kitu, anayenijua atakwambia. Siku ile nilichukua punje moja kikombeni, nikairudisha bila kuiuma.

Dada amepanda nusu ya kikombe karibu na mlango wake, mahali anapoweza kuziona akiamka. Nusu nyingine ameificha. Hajaniambia wapi, na mimi sijauliza. Jana nilipita kumsalimia nikamkuta amechuchumaa kwenye mistari, anafunika udongo kwa majani makavu ya migomba. Aliniambia nisikanyage. Ni wiki ya tatu bila tone la mvua, na maua yameanza kufunguka.