Sili ya Greda kwenye Sahani ya Mkwe

Kama uliishi Mpanda mwaka ule wa mvua za Elnino na hukumjua Gratien fundi greda, basi sijui ulikuwa umejificha wapi. Sauti yake ilifika sokoni kabla ya baiskeli yake. Kazi yake ilikuwa jeki, zile silinda nene za oili zinazonyanyua vyuma vizito kwenye mitambo ya barabara. Katapila livuje, tipa ligome kumwaga mchanga, greda litapike oili huko njia ya Ikola, anayeitwa ni yeye, na akifika lazima kwanza aligombeze hilo dude.

Na masharti yake sasa! Akifungua jeki hatandiki gunia wala turubai. Anatandika kitenge, tena cha mkewe Emelyne, halafu anapanga kila kitu kwa mstari kama kilivyotoka: nati, bushi, pistoni, sili. Wakati wa kurudisha anaanzia mwisho wa mstari. Na ole wako uruke kile kitenge! Wazazi wake walikuwa Warundi wa Katumba, na kwao mtu haruki miguu ya mwenzake wala chungu cha chakula. Gratien aliubeba mwiko huo mpaka kwenye spea. Ukiruka, unarudi ulikotoka, unazunguka. Hata bosi wa barabara aliwahi kuzungushwa, akazunguka.

"Vitenge vyangu vyote vinanuka greda," Emelyne alikuwa akilalamika. "Kanisani watu wanasogea, wananiachia benchi zima."

"Si unakaa kwa nafasi," Gratien alimjibu.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa pili, nyumba ya Gratien pale Misunkumilo ilijaa watu. Binti yao wa kwanza, Séverine, alikuwa anaolewa kesho yake huko Majimoto. Baba mdogo wa bwana harusi, mzee Osward, alikuja na lori kumchukua bibi harusi, akaingia uani ana matope mpaka kwenye nyusi. Lori lilikuwa limekwama karibu na Sitalike na walilisukuma hadi wakasahau majina yao. Dereva akaapa kwamba harudi njia ile mpaka greda lipite mbele yake.

"Nikikwama tena pale," alisema, "ndoa wataifungisha viboko wa mtoni."

Halafu Jumatano iliyofuata ilikuwa ya Majivu. Kwaresima ikiingia, padri hafungishi ndoa mpaka Pasaka. Kwa hiyo ilikuwa kesho, la sivyo bibi harusi akae na shela lake kwenye sanduku na majirani wapate cha kusema.

Greda lenyewe unajua lilikuwa wapi? Pale pale uani kwa Gratien, bledi yake ya kukwangulia barabara imelala chini. Jeki moja ya kuinyanyua ilikuwa imekufa. Spea zilikuwa zimeshuka na treni ya Tabora asubuhi hiyo, seti moja tu, ya kubahatisha. Gratien akavua shati la sherehe, akavaa ovaroli. Selestini, dereva wa greda, akachezesha levya huku injini imezimwa ili presha yote itoke. Wakafungua mipira ya oili, wakagonga pini, wakalilaza lile jeki, wakavuta rodi na pistoni yake. Gratien akaingiza mkono ndani ya silinda, akafumba macho, akapapasa taratibu.

"Haina mkwaruzo," akasema. "Binti yangu ana bahati."

Sasa sili, ule mpira wa duara unaovikwa kwenye pistoni ili oili isipite pembeni, ikiwa mpya ni ngumu na haivutiki. Lazima uipashe moto kwanza. Mafundi wengine wanatumia maji. Gratien yeye alitumia mawese, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Pistoni ile ilitaka sili mbili. Ya kwanza akaivisha vizuri. Ya pili akaitia kwenye kisufuria cha mawese pembeni ya mafiga, kwenye jiko la harusi, akaenda kuosha nati kwa dizeli.

Mpishi mkuu alikuwa jirani yao Paskalia, mama mwenye mikono mepesi kuliko macho. Akaona mawese yameshapata moto, hayana mwenyewe. Akamshukuru Mungu, akayamimina yote kwenye sufuria kubwa la maharage na ndizi, akakoroga, akapakua.

Gratien aliporudi alikuta kisufuria kinang'aa.

"Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mawese yangu yako wapi?"

"Mawese gani, Baba Séverine? Si nimeungia maharage. Wakwe wanakula saa hizi."

Gratien akachungulia sufuria kubwa, limeshapakuliwa lote. Ukitangaza kwamba wakwe wamelishwa mpira wa greda, hata ndoa ikifungwa, hiyo aibu wataizeekea. Usipotangaza, greda haliondoki. Akashika jagi la maji ya kunawa, akaanza kupita kwa wageni, anainama juu ya kila sahani kama mtu aliyepoteza sindano.

"Karibuni sana, karibuni! Maharage yameiva? Hebu nione."

Wageni wakasifu ukarimu wake. Mmoja akasema hajawahi kuona baba wa bibi harusi anayejali maharage kiasi kile.

Ndipo akamwona mzee Osward. Alikuwa amekaa kiti cha heshima, amenyooka, anatafuna. Wenzake walishaanza sahani ya pili, yeye anatafuna. Shavu la kushoto, la kulia, la kushoto. Mzee wa watu alikuwa na mapengo, na kwa wakwe hutemi chakula hata kikuue.

"Vipi, mkwe?" Gratien akauliza.

"Mzuri sana utumbo wenu," Osward akajibu kwa shida, jasho linamtoka. "Una... una afya."

Gratien akataka kulia. Utamwambiaje mkwe wako fungua mdomo nichungulie? Akasimama katikati ya uwanja, akapiga makofi.

"Jamani, kabla ya safari, naomba mzee Osward atuombee!"

Mtu haombi huku anatafuna. Osward akageuka pembeni kwa adabu, akapeleka leso mdomoni, kisha akaomba kwa furaha ya mtu aliyetoka kifungoni. Akaombea maharusi, akaombea mvua ipungue, akaombea na viboko. Gratien hakufumba macho hata kidogo. Aliiangalia ile leso. Baada ya amina, ikaingia mfuko wa koti.

Haya, mdomoni imetoka, sasa iko mfukoni mwa mkwe! Huko nako utaingiza mkono?

"Mkwe," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "njoo basi uone kazi yangu."

Osward akamfuata hadi kwenye kitenge, akanyanyua mguu apite.

"Zunguka, mkwe!" Ilimtoka tu, mazoea mabaya.

Mzee akazunguka. Akavitazama vile vyuma vilivyopangwa kwa mstari, akaona pengo moja mahali pasipo na kitu. Akaitazama pistoni, yenye sili moja na mfereji mmoja mtupu. Akamtazama Gratien, kisha akatazama jikoni. Pole pole akatoa leso, akachuchumaa, akaiweka sili kwenye pengo lake.

"Nilidhani utumbo," akasema.

Wakaangaliana. Cheko lililowatoka liliwashtua kuku. Gratien akaifuta sili, akaizungusha juani, akakuta haina alama hata moja.

"Ningekuwa na meno," Osward akasema, "Séverine angesubiri Pasaka."

Sili ikapashwa tena, safari hii Gratien mwenyewe akiilinda, ikavikwa, jeki likafungwa. Selestini akawasha, akapandisha bledi na kuishusha taratibu ili hewa itoke. Likatetemeka kidogo, likatulia, bledi ikapanda ikakaa juu. Gratien akapiga mluzi, Emelyne akapiga vigelegele, akachukua kitenge chake bila kugomba.

Greda likatangulia, Gratien amening'inia mlangoni, lori likifuata na nyimbo. Walipofika penye tope Selestini akakwangua, akarudi, akakwangua tena, hadi njia ikakubali. Lori likavuka, likasimama upande wa pili penye ukavu.

Kwao wazazi hawamsindikizi binti, wanaokwenda ni shangazi na wajomba. Gratien akabaki amesimama kando ya greda lake. Tangu asubuhi alikuwa amepigana kuifungua njia hii, na hakupata muda wa kufikiri kwamba ndiyo njia ya kumwondoa mtoto wake nyumbani.

Séverine akachungulia dirishani. "Baba! Haivuji?"

"Haivuji, mwanangu! Nenda!"

Alisema kwa nguvu zake zote, lakini sauti ilikatika katikati. Osward akashuka lorini, akarudi kwa miguu kwenye njia ile mpya, akatoa leso mfukoni.

"Shika, mkwe," akasema. "Inanuka mawese, lakini itafaa."

Gratien akaipokea, akajifuta uso mbele ya watu wote, na leso ilinuka mawese kweli.